Damu ya Mume, Kundi Lilelile

Historia ya kupima damu kabla ya kumwongezea mgonjwa huanzia Vienna. Mwaka 1900 Karl Landsteiner alichanganya majimaji ya damu ya wenzake maabarani na chembe nyekundu za wengine, akaona baadhi zikigandamana na nyingine zikibaki salama. Makundi ya damu yakajulikana. Mwaka 1907, New York, Reuben Ottenberg akaanza kupima damu ya mtoaji pamoja na ya mgonjwa. Wengi huishia hapo. Kwangu mimi, kisa kizito kinakuja baadaye, katika hospitali ya Bellevue, jijini humo humo.

Mwanamke alijifungua mtoto aliyekwisha kufa, akaongezewa damu ya mumewe. Wote wawili walikuwa kundi O. Hata hivyo alitetemeka kwa baridi, akaumwa miguu na kichwa. Philip Levine na Rufus Stetson walipochunguza, majimaji ya damu yake yaligandamanisha chembe za mumewe, na za takribani watu 80 katika kila 100 wa kundi O. Katika ripoti yao ya mwaka 1939 walieleza kwamba mtoto alirithi kwa babaye kitu ambacho mama hakuwa nacho, na mwili wa mama ukajitengenezea kingamwili. Kitu hicho leo tunakiita Rh. Inauma kusoma: mimba ndiyo iliyomwandaa mama huyu kudhurika na damu ya kumwokoa.

Zilibaki kingamwili zinazong'ang'ania chembe bila kuzigandamanisha. Hizo zilimsumbua Robin Coombs, aliyesomea udaktari wa mifugo, hadi wazo likamjia usiku ndani ya treni ya kwenda Cambridge, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kingamwili ni protini. Sungura akidungwa protini ya binadamu, atatengeneza kingamwili ya kuishika, na hiyo ndiyo dawa ya kuziunganisha chembe zilizovikwa kingamwili za binadamu hadi zigandamane. Carlo Moreschi alishaeleza kanuni hiyo mwaka 1908, ikasahaulika. Mwaka 1945 Coombs, Arthur Mourant na Rob Race wakatangaza kipimo chao.

Bado kinatumika. Chembe huoshwa kwa maji ya chumvi mara kadhaa kwanza, kwa sababu protini ya majimaji ya damu ikisalia huilemaza dawa hiyo ya Coombs, na kingamwili hatari hupita bila kuonekana. Kwa hiyo mrija wa kipimo usioonyesha mgandamano huongezewa chembe zilizovikwa kingamwili makusudi. Zisipogandamana, dawa ilishalemaa, na mtaalamu hurudia kipimo chote, hata kama wodini wanaisubiri damu.