Sheria Huanza Lini?

Hadi mwaka 1793, sheria ya Bunge la Uingereza isiyotaja siku yake ya kuanza ilihesabiwa kuwa na nguvu tangu siku ya kwanza ya kikao kilichoipitisha. Hivyo mtu aliweza kuwa mkosaji kwa tendo alilolitenda kabla ya mfalme kuiridhia, tendo ambalo siku ile halikuwa kosa hata kidogo. Sheria ya mwaka huo ilimwamuru karani wa Bunge aandike juu ya kila sheria tarehe ya idhini ya mfalme, na hiyo ndiyo ikawa mwanzo wake.

Usemi wa Kiingereza “come into force” hutenga kupitishwa na kupata nguvu. Ndio ulio katika ibara ya 116 ya Katiba ya Kenya ya 2010: sheria hupata nguvu siku ya 14 baada ya kuchapishwa katika Gazeti Rasmi, ila ikiwa yenyewe imetaja siku nyingine. Kiswahili cha ofisini husema “kuanza kutumika”. Hapo pana kasoro, maana sheria yaweza kuwa na nguvu miaka mingi pasipo kutumiwa na mtu, na mwenye kuivunja akawa mkosaji vile vile.