Dini ya jadi na uganga katika Ukurya

Dini ya jadi na uganga ni mapokeo mawili yanayokaribiana lakini yasiyo sawa miongoni mwa Wakurya wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, wakiwemo wakazi wa kata ya Kerende, jirani na Nyamongo. Wamisionari wa zamani waliyatia yote katika kapu moja la upagani. Vifaa havitoshi kuyatenganisha, kwani dawa za miti na damu ya mnyama hutumika pande zote. Kinachoyatenganisha ni nani mwenye ibada, inafanywa kwa ajili ya nani, na nani anawajibika.

Dini ya jadi
Dini hii ni ya ukoo. Mtu huzaliwa ndani yake; haombi kujiunga. Humhusu Mungu, ambaye heshima yake huambatana na jua (iryoba), pamoja na mababu na hatua za maisha: tohara, ndoa, kuingia uzee. Kila ukoo mkubwa (ikiaro) una inchama, baraza la siri la wazee, linalopanga msimu wa tohara na kufanya matambiko ya kuikinga nchi na maradhi. Jirani zao Waikoma hutunza pembe za ndovu ziitwazo Machaba kwa ajili ya heri ya kabila zima.

Uganga
Uganga ni kazi ya fundi mmoja kwa mteja wake, kwa malipo: kupiga ramli, kutoa hirizi, kuzindika nyumba, kutafutia bahati biashara au machimbo ya dhahabu. Mganga aweza kuwa wa kabila lingine, na mteja Mkristo au Mwislamu. Akishahudumiwa kila mmoja hushika njia yake. Mwaka 1912 Émile Durkheim alieleza hivyo hivyo: dini huunda jumuiya ya waumini, uganga huwa na wateja tu.

Uchawi
Mchawi (omorogi) ni kinyume cha mzee wa inchama na cha mganga. Hudhaniwa kudhuru kwa siri, na hakuna anayejitangaza.

Mipaka na sheria
Mpaka huvukwa: inchama nayo hutumia dawa, ila kwa niaba ya ukoo mzima. Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, hukataza pia kumtuhumu mtu uchawi nje ya vyombo vya dola. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 husimamia waganga, na Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kutokana na mauaji ya watu wenye ualbino. Inchama huguswa kwa njia nyingine, kwani msimu wa tohara inaoupanga huhusisha pia ukeketaji wa wasichana: tangu 1998 kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai. Kwa hiyo wanaopiga vita ukeketaji Tarime huwaendea wazee wa mila, si waganga.