Taa za mchana hazikuanza na Audi

Wiki iliyopita niliweka video nikifunga taa za mchana kwa gari ya ami yangu, Corolla 110 ya kijivu, hapa nje ya nyumba Kuze. Komenti zikamiminika. Nusu waniuliza bei. Nusu nyengine ni kicheko tu: "Wataka kuifanya 110 iwe Audi?"

Sawa. Leo hakuna video, leo ni kusoma. Hicho kicheko chatoka kwa watu wanaodhani hizi taa ni urembo wa gari za matajiri, na historia yake haiko hivyo kabisa.

Anzeni na giza. Kule Ufini mwezi wa Desemba jua latoka saa tatu asubuhi, na saa tisa alasiri lishazama. Hata hayo masaa ya katikati ni kama magharibi yetu, na gari ya kijivu kwenye barabara ya kijivu huioni mpaka ishakufikia. Mwaka wa 1972 serikali yao ikaamuru: wakati wa baridi, ukiwa barabara za nje ya mji, washa taa hata kama ni mchana. Uswidi ikafuata 1977 na kwao ikawa ni mwaka mzima, kila barabara. Denmaki 1990. Kanada ikawabana watengenezaji wenyewe: gari mpya zilizoundwa kuanzia Desemba 1989 lazima zijiwashe taa zenyewe.

Sasa hapa ndipo pananifurahisha. Unajua kampuni kubwa zilitii vipi hiyo sheria ya Kanada? Hawakubuni taa mpya. General Motors, kwa gari zake nyingi, walichukua zile taa mbili za fulu zilizokuwepo tayari wakaziunga mfululizo, umeme upite ya kwanza ndio uende ya pili. Volti 12 zikagawanyika, kila taa ikapata nusu, ikawaka kwa ufifi. Basi! Hiyo ni fizikia ya kidato cha tatu, hata mimi niliyeacha chuo naikumbuka. Yaani taa za mchana za gari hizo, za kiwandani kabisa, zilikuwa ujanja wa waya, kazi ambayo fundi yeyote wa umeme wa gari hapa mjini angeifanya kabla ya adhuhuri. Ukimcheka fundi wa mtaani kwa kuunga rilei chini ya boneti, unacheka mbinu ileile.

Urembo ulikuja baadaye sana. Miaka ya tisini mwanzoni, Wajapani watatu, Akasaki, Amano na Nakamura, walifanikiwa kutoa LED ya buluu yenye mwangaza wa maana, na 2014 wakapewa Nobeli ya fizikia kwa kazi hiyo. Ukiipaka LED ya buluu dawa ya manjano unapata mwanga mweupe, unaokula umeme kidogo mno. Mwaka wa 2004 Audi wakaziweka kwenye A8 kubwa kama taa za mchana, baadaye wakazipanga kwa mistari na vitone, na watu wakaanza kuijua gari kwa macho yake kabla ya kuona nembo. Februari 2011 Ulaya ikazifanya lazima kwa modeli mpya. Toka hapo kila kampuni ina "macho" yake, na vijana wetu wakadhani taa ni sura.

Na kwa nini gari zetu hazina? Wengi mtasema ni kwa sababu ni kuukuu. Nusu ya jibu tu. Gari nyingi za mitumba hapa Kenya zatoka Japani, na Japani yenyewe haikuziruhusu rasmi taa za mchana za kiwango hicho mpaka Oktoba 2016. Wao ndio walioivumbua LED ya buluu, na sheria yao ikaziacha gari zao bila taa! Modeli ileile ikiuzwa Ulaya ilikuwa nazo. Inayoshuka bandarini Kilindini imetoka na bampa tupu. Kwa hivyo 110 ya ami haikukosa taa kwa umaskini. Ilizaliwa nchi ambayo haikuziruhusu.

Mimi sikuanza haya kwa mapenzi ya urembo. Mwaka jana, saa kumi na mbili na nusu jioni, tulikuwa barabara ya Malindi twakaribia Kikambala, wingu la mvua limefunga. Pikapu ikatoka nyuma ya lori kuovateki, ikatujia uso kwa uso. Ami akaingia vumbini. Yule dereva alisimama, ikabidi tumuamini: "Wallahi sikuwaona." Kijivu juu ya kijivu, kama Ufini. Kwetu magharibi haichukui muda, na hizo dakika ishirini kila mtu anangoja mwenzake awashe kwanza.

Kuna aliyeandika kwamba jua la Mombasa laua hizo taa, hazionekani. Saa saba mchana pale Fort Jesus, ana haki, faida yake ni ndogo. Lakini rudi ndani Mji wa Kale. Mitaa hii haikujengwa kwa gari. Miaka mia na kitu iliyopita watu wenye uwezo hapa kisiwani walisafiri kwa troli zilizosukumwa na watu juu ya vireli. Kuta ziko karibu, kivuli ni kizito. Mtoto aliyesimama juani, macho yake hayaoni kitu kilichomo kivulini mpaka kitokeze. Taa yaonekana kabla ya bampa, na hiyo sekunde moja yatosha kumvuta mtoto mkono.

Tatizo letu ni namna tunavyozifunga. Mara ya kwanza fundi alinipelekea waya moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi. Siku ya tatu nikanusa plastiki, kufungua boneti waya umeyeyuka. Nikarudia mwenyewe: fyuzi karibu na betri, rilei inayowasha taa ufunguo ukifunguliwa, na waya wa pili wa kuzizima taa kubwa zikiwaka. Huo waya wa pili ndio watu wanauruka, na ndio maana usiku tunapofushana. Kiwango cha Ulaya ni taa nyeupe, kandela 400 hadi 1,200, na zijizime taa kubwa zikiwaka. Rangi ya buluu na zile za kupepesa waachieni polisi na ambulansi.

Jana kijana wa tuktuk kanijia barazani, ataka za buluu, za kukimbia kushoto kulia. Nimemwambia nyeupe, na fyuzi. Akasema atafikiria. Leo asubuhi nimemuona apita na za buluu.