Heinrich Schnee na Serikali ya Morogoro, 1914–1916

Heinrich Schnee (1871–1949) alikuwa gavana wa mwisho wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, koloni lililojumuisha Tanzania Bara, Rwanda na Burundi za leo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza aliihamishia serikali yake Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, na kutoka hapo akapigana vita viwili: kimoja dhidi ya Waingereza, kingine cha barua na telegramu dhidi ya kamanda wa jeshi lake mwenyewe, Paul von Lettow-Vorbeck. Historia imempenda kamanda. Lettow-Vorbeck ana rafu nzima za vitabu vinavyosimulia ujanja wake wa porini, na Schnee hutajwa humo kama karani mwoga aliyekuwa akimkwaza shujaa. Ukiitazama habari hiyo ukiwa Morogoro, kwa macho ya watu waliolipa gharama za ushujaa huo, picha haikai hivyo.

Schnee alizaliwa Neuhaldensleben, Ujerumani, tarehe 4 Februari 1871, akasomea sheria, kisha akaingia idara ya makoloni ya wizara ya mambo ya nje. Alitumwa New Guinea mwaka 1898, halafu Samoa, alikokuwa msaidizi wa gavana Wilhelm Solf. Mwaka 1905 akapelekwa London kuwa mshauri wa mambo ya makoloni katika ubalozi wa Ujerumani. Hiyo ndiyo shule iliyomjenga: kazi ya kupima kila neno kabla halijatiwa saini, na kuamini kwamba mataifa makubwa yakikaa mezani yanaweza kuelewana. Mkewe, Ada, alizaliwa New Zealand na lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiingereza. Alipowasili Dar es Salaam kuwa gavana mwaka 1912, Schnee aliwajua Waingereza kuliko Wajerumani wengi waliokuwa katika koloni hilo.

Alirithi nchi yenye kidonda. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma, vikiwa vimeua watu ambao wanahistoria huwakadiria kufikia laki mbili na nusu hadi tatu, wengi wao kwa njaa iliyoletwa na jeshi la Wajerumani kuchoma mashamba na maghala. Mpango wa Schnee ulikuwa wa amani ya kikoloni: reli, shule, pamba, mkonge, mpira na kodi inayolipwa bila fujo. Reli ya Kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907, iligusa Kigoma mapema mwaka 1914, na maonyesho makubwa ya kuisherehekea yalipangwa kufanyika Dar es Salaam mwezi Agosti mwaka huohuo. Wageni walishaanza kufika. Mwanzoni mwa Agosti ikaingia telegramu kutoka kwa Solf, ambaye sasa alikuwa waziri wa makoloni huko Berlin, ikimwambia awatulize walowezi kwa kuwa makoloni hayakuwa hatarini. Siku chache baadaye Uingereza na Ujerumani zilikuwa vitani.

Silaha ya kwanza aliyoishika Schnee ilikuwa mkataba. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885 uliruhusu nchi zilizomo katika eneo la biashara huria la bonde la Kongo zitangazwe kuwa zisizofungamana na upande wowote wakati wa vita, na eneo hilo lilichorwa kwa upana kiasi cha kufika Bahari ya Hindi. Koloni lake lote lilikuwa ndani ya mstari. Berlin nayo, kwa kupitia serikali ya Marekani, iliomba kifungu hicho kitumike. Kwenye karatasi hoja hiyo ilikuwa na nguvu, ila ilihitaji kila mwenye bunduki akubali kuiweka chini. Waingereza walikuwa na sababu zao za kukataa, hasa bandari na mitambo ya simu ya upepo iliyoweza kuzielekeza manowari za Ujerumani. Wajerumani nao hawakungoja jibu: meli yao ya Ziwa Tanganyika ikashambulia bandari ya Lukuga upande wa Wabelgiji kabla Agosti haijaisha.

Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea ilifika Dar es Salaam na kuupiga mizinga mnara wa simu ya upepo. Wajerumani waliubomoa mnara wenyewe, wakazamisha chelezo kwenye mlango wa bandari. Schnee alikuwa ameshapanda treni kwenda Morogoro, karibu kilomita 200 ndani ya bara, ambako mizinga ya baharini isingefika. Maofisa aliowaacha pwani walifanya mapatano na nahodha wa Astraea: mji usitumike kwa vita, nao usipigwe. Mapatano ya namna hiyo yakafanyika kwa Tanga pia. Lettow-Vorbeck, aliyekuwa Pugu na vikosi vyake, alipopata habari aliwaka. Kisheria gavana ndiye aliyekuwa mkuu wa majeshi ndani ya koloni na kamanda alikuwa chini yake. Kamanda akaamua kwamba sheria hiyo ilikuwa ya wakati wa amani.

Ndipo vita vya karatasi vilipoanza. Kutoka Morogoro Schnee alituma maagizo, makatazo na malalamiko. Kutoka kambini Lettow-Vorbeck alijibu kwa hoja za kijeshi, au akatenda kwanza na kuandika baadaye. Umbali ulimsaidia mkaidi. Reli ya Kati na reli ya Usambara hazikuunganishwa, na kati yake ulikuwepo mwendo wa siku kadhaa kwa miguu kupitia Handeni. Amri ikifika, mara nyingi jambo limeshatendeka. Tanga ni mfano mzuri. Gavana hakutaka mji huo upiganiwe. Tarehe 2 Novemba 1914 nahodha wa manowari Fox alimwambia ofisa wa wilaya, Auracher, kwamba mapatano yamekwisha na akampa saa moja kuusalimisha mji. Auracher alitumia adabu zote za kiofisi kuvuta muda. Vikosi vilishushwa kwa treni kutoka Moshi, na jeshi la watu kama 8,000 lililoletwa kutoka India likapigwa vibaya mno na wapiganaji wachache sana kuliko wao. Mwisho wa mwezi huo manowari ziliishambulia Dar es Salaam na ikulu ya gavana ikawa magofu. Waingereza walijenga Ikulu ya sasa mahali hapohapo baada ya vita. Tangu Tanga hakuna aliyemsikiliza tena Schnee akizungumzia mapatano.

Je, alikosea? Sababu zake hazikuwa za huruma. Alihofu kwamba Wazungu wakipigana mbele ya watu waliowatawala, heshima ya utawala ingeporomoka na Maji Maji ingerudi. Hata hivyo, sera yake ingefaulu, vijana wa Kiluguru, Kikutu na Kizaramo wasingebebeshwa masanduku ya risasi hadi kufa. Kwa kipimo hicho, na kwa kipimo hicho tu, karani aliona mbali kuliko shujaa.

Alipofungiwa na manowari za adui baharini, Schnee alifanya kile alichokijua, yaani kutawala. Fedha ilipoadimika, serikali ilianza mwaka 1915 kuchapa noti za muda za rupia, kwa karatasi yoyote iliyopatikana, nyingi zikitiwa saini kwa mkono na makarani. Baadaye huko Tabora zilifuliwa hela za shaba, pamoja na sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, ambayo leo wakusanyaji wanaigombania. Kituo cha utafiti cha Amani kilitengeneza kwinini, sabuni na mishumaa. Stempu nazo zilikaribia kwisha, na wamisionari wa Vuga huko Usambara walichapa nyingine kwa mtambo wao wa vitabu vya dini. Hazikupata kazi: meli ya magendo ilifika Sudi mwaka 1916 ikiwa na stempu rasmi, na zile za Vuga zikafukiwa Mohoro, Rufiji, zisiangukie mikononi mwa adui. Baada ya vita zilifukuliwa, nyingi zikiwa zimeharibiwa na unyevu.

Upande mwingine wa utawala huo hauna sarafu za kuvutia. Kila noti ilitegemea mtu wa kijijini aipokee kama malipo ya mtama, mpunga au ng'ombe wake, naye hakuwa na hiari. Maakida na majumbe walipewa idadi ya watu wa kuleta, nao wakawaleta. Aliyeweza kuandika barua kwa upande wa pili alikuwa mashakani hata kama hakuandika lolote: walimu Waafrika wa misheni ya Kiingereza ya UMCA walikamatwa kwa tuhuma za ujasusi, wakafungwa na kupigwa, na serikali ya Uingereza ilichapisha ripoti juu ya mateso hayo mwaka 1917. Waingereza walikuwa na sababu zao za kuichapisha, maana koloni walilitaka wao. Mateso hata hivyo yalikuwa ya kweli.

Mwaka 1916 Jenerali Jan Smuts alishuka kutoka Kilimanjaro na jeshi kubwa la Waafrika Kusini, Wahindi na Waingereza. Serikali ya Schnee ilihamia Tabora. Morogoro ilitekwa tarehe 26 Agosti 1916, Dar es Salaam ikafuata tarehe 4 Septemba, na Wabelgiji waliingia Tabora tarehe 19. Smuts alitarajia kumbana Lettow-Vorbeck mjini Morogoro, lakini Wajerumani walikwishaizunguka milima pande zote mbili kuelekea Kisaki. Uluguru, ambayo mkaazi wa Mgeta huipanda na mzigo wa mboga kichwani bila kulalamika, iliwatesa wapandafarasi wa Smuts. Vikosi vya Jenerali Brits viliacha magari yao na kuwaongoza farasi kwa miguu kwenye njia za kandokando ya genge. Wakafika Kisaki kwa makundi mawili yasiyoweza kuwasiliana. Kila kundi lilishambulia siku yake, na kila moja likarudishwa nyuma.

Mwishoni mwa Septemba, majeshi yakiwa yamekwama kwenye bonde la Mgeta, Smuts alishika kalamu. Alimwandikia Lettow-Vorbeck kumtaka asalimu amri, kwa kuwa kuendelea hakukuwa na maana. Lettow-Vorbeck aliieleza barua hiyo katika kumbukumbu zake: aliisoma kama ushahidi kwamba mwandishi wake ameishiwa nguvu. Hakukosea sana. Malaria na kuhara vilikuwa vimewamaliza Waafrika Kusini, na kabla mwaka haujaisha maelfu kwa maelfu yao walirudishwa kwao wakiwa mahututi. Makaburi ya askari wa vita hivyo yapo Morogoro mjini hadi leo.

Schnee hakubaki Tabora. Mkewe alibaki, akawa mateka wa Wabelgiji na hatimaye akarudishwa Ulaya, ambako kitabu chake juu ya miaka hiyo kilitoka mwaka 1918. Yeye mwenyewe aliufuata msafara wa jeshi kusini, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji mwezi Novemba 1917, akiwa gavana asiye na nchi, akila alichokila askari na kugombana na kamanda wake kila palipotokea wasaa. Walisalimu amri pamoja huko Abercorn, Zambia ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Nyuma yao Ugogo ilikuwa imeshaingia kwenye njaa inayokumbukwa kwa jina la Mtunya. Daktari wa jeshi lao, Ludwig Deppe, alikiri katika kitabu chake kwamba walikopita waliacha mashamba yaliyoharibiwa na ghala tupu. Upande wa Waingereza peke yake, wapagazi waliokufa walihesabiwa kuwa karibu 95,000. Upande wa Wajerumani hawakuandikwa kwa uangalifu huo, jambo la ajabu kwa serikali iliyoandika kila kitu.

Utumishi wa umma wa Schnee baada ya hapo ulikuwa, kwa sehemu kubwa, utumishi wa wino. Mwaka 1919 alitoa historia ya vita kama alivyoviona yeye. Mwaka 1920 likatoka kamusi elezo la makoloni ya Ujerumani, juzuu tatu chini ya uhariri wake. Kazi hiyo ilikuwa imeandaliwa kabla ya vita, kwa hiyo ilieleza milki ambayo haikuwepo tena: msomaji wa Leipzig aliweza kutafuta habari za Uluguru kana kwamba bendera bado inapepea bomani. Bado ni chanzo kizuri kwa mtafiti mwenye tahadhari, na mtu wa haki atakiri hivyo. Kitabu chake cha mwaka 1924 kilichobisha kwamba Ujerumani haikuwa na hatia katika makoloni ni habari nyingine. Anayeijua Maji Maji hapati shida kukijibu.

Aliketi katika bunge la Ujerumani, kwanza kwa chama cha DVP, kisha tangu 1933 kwa chama cha Hitler. Alikiongoza Chama cha Makoloni cha Ujerumani, na mwaka 1932 aliingia katika tume ya Lord Lytton iliyotumwa na Shirikisho la Mataifa kuchunguza uvamizi wa Japani huko Manchuria. Tume hiyo ilifanya kazi ya kibalozi ya hali ya juu. Japani ikaisoma ripoti na kujitoa katika Shirikisho. Schnee alikufa kwa ajali ya barabarani jijini Berlin tarehe 23 Juni 1949.

Kumbukumbu zake zilichapishwa mwaka 1964, mwaka aliofariki Lettow-Vorbeck. Mwaka huohuo serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani waliokuwa bado hai malimbikizo ya mishahara yao ya vita. Inasimuliwa kwamba mkaguzi aliyetumwa Mwanza aliwakuta wazee zaidi ya mia tatu, na wachache tu ndio waliokuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Waliobaki walipewa ufagio mmojammoja na kuamriwa kwa Kijerumani waushike kama bunduki. Wote wakajua la kufanya, wakalipwa. Malipo yalikuwa ya askari. Waliobeba mizigo yao kutoka Morogoro hadi Ruvuma hawakuitwa.