Taswira ya Jirani katika Maandishi ya Siri: Kericho na Bomet

Makala haya yanachunguza namna jirani wa kabila jingine alivyosawiriwa katika maandishi yaliyosambazwa kwa siri nchini Kenya, kwa kurejelea nchi ya chai ya Kericho na Bomet. Hoja inayotetewa ni kwamba usiri peke yake hauyafanyi maandishi kuwa ya ukombozi. Chombo kilichotumiwa kudai umoja wa wanyonge kilitumiwa pia kumgeuza jirani kuwa mhusika bapa, mwenye sifa moja tu: ugeni.

Taswira hiyo ina msingi wa kihistoria. Katika miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianzisha mashamba makubwa ya chai Kericho, katika ardhi waliyopokonywa Wakipsigis. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamishia Gwassi Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis. Vibarua nao walitoka pia Ugusii, Ujaluo na Uluhya. Mchuma chai wa Kigusii hakunyakua ardhi ya mtu. Aliuza nguvu zake tu. Hata hivyo, yeye ndiye aliyeonekana shambani kila asubuhi, ilhali mwenye hisa alikuwa Uingereza.

Maandishi ya siri ya mrengo wa kushoto yaliikataa taswira hiyo. Mei 1982 lilitokea gazeti la Pambana, la kundi lililojiita kwa tarehe ya uhuru, 12 Desemba. Baadaye Mwakenya wakatoa Mpatanishi. Msamiati wao ulikuwa wa tabaka: mfanyakazi, mkulima, mnyonyaji. Mwaka huo huo wa 1982, Maina wa Kinyatti alifungwa kwa kupatikana na kijikaratasi kilichoshutumu mbinu za utawala za kuwagawanya wananchi. Katika fasihi iliyochapishwa waziwazi, tamthilia ya Alamin Mazrui, Kilio cha Haki (1981), iliwaunganisha wafanyakazi wa shamba la mlowezi kwa dhuluma iliyowapata wote.

Lakini msamiati huo nao ulikuwa na pengo. Mkipsigis mwenye kilio cha ardhi na Mgusii mwenye kilio cha ujira waliitwa kwa jina moja, "mfanyakazi", bila tofauti ya vilio vyao kujadiliwa. Kisichojadiliwa hakitoweki; humsubiri mwingine akisemee.

Aliyekisemea alikuja mwishoni mwa 1991. Mapigano yalianzia Meteitei, karibu na mpaka wa Nandi, Kericho na Kisumu, na kufikia 1992 yalikuwa yameenea hadi mpaka wa Sotik na Ugusii. Ripoti ya Africa Watch ya 1993 inataja vipeperushi vilivyowaamuru Wajaluo kuhama kabla ya 12 Desemba 1991. Tarehe ile ile iliyokuwa nembo ya umoja katika Pambana ikawa siku ya mwisho ya jirani kukaa nyumbani kwake. Sitiari ya "madoadoa" nayo ilimpunguza binadamu hadi kuwa waa la kufutwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, wachuma chai wa Kigusii walishambuliwa katika mashamba ya Kericho, na mwaka 2022 tume ya taifa ya uwiano ililiorodhesha neno hilo miongoni mwa maneno ya chuki.

Ulinganishi na Poland unafaa hapa. Wapoland wengi walimtazama Mcheki kupitia Švejk, askari wa riwaya ya Jaroslav Hašek: mjanja anayekwepa vita. Wachapishaji wa siri wa Warsaw hawakuishia kukanusha taswira hiyo. Walimtafsiri na kumchapisha Bohumil Hrabal, na wapinzani wa nchi hizo mbili walikutana mpakani mwaka 1978. Jirani alipewa sauti yake mwenyewe.

Katika nchi ya chai, jirani alitetewa na kutishwa, lakini ni mara chache alisomwa. Umoja unaotangazwa juu ya vilio visivyosikilizwa ni mwepesi kuvunjwa na karatasi moja. Kazi ya mhakiki wa fasihi ya Kiswahili, lugha waliyoshirikiana wachuma chai wa makabila yote, si kulikashifu neno "madoadoa" pekee, bali pia kudai maandishi ambamo Mkipsigis na Mgusii kila mmoja anasimulia alichopoteza, na mwenzake anasikiliza.