Wellesley: Chuo Kinachosimamisha Vipindi Ili Kiwasikilize Wanafunzi Wake

Kila mwaka, katika majira ya kuchipua, Chuo cha wanawake cha Wellesley, jimboni Massachusetts, Marekani, husimamisha vipindi siku nzima. Wanaopanda jukwaani ni wanafunzi: huyu anaeleza majaribio yake ya kemia, yule anasoma utafiti wa historia, mwingine anapiga muziki. Hilo ndilo Kongamano la Ruhlman, lililoanza mwaka 1997 kwa mfuko wa Barbara Peterson Ruhlman, mhitimu wa 1954, aliyetaka masomo yavuke mipaka ya fani.

Heshima hiyo kwa kazi ya mwanafunzi ni ya tangu zamani. Henry na Pauline Durant walifungua chuo mwaka 1875, miaka miwili baada ya Edward Clarke, daktari wa Boston, kuchapisha kitabu akidai kwamba masomo mazito humdhuru msichana. Akina Durant waliajiri wanawake wawe maprofesa. Mmoja wao, Sarah Frances Whiting, alikwenda kuhudhuria mihadhara ya Edward Pickering kule MIT ili ajifunze namna ya kufundisha fizikia kwa vitendo, na mwaka 1878 akafungua maabara ya wanafunzi, ya pili nchini baada ya hiyo ya MIT. Wasichana wakashika vyombo kwa mikono yao, wakapima, wakakosea, wakapima tena. Kwangu mimi, hakuna jibu bora zaidi ambalo Clarke angeweza kupewa. Annie Jump Cannon, aliyehitimu 1884, alirudi baadaye kumsaidia Whiting, na mwaka 1896 wakapiga picha za eksirei zikiwa bado ni habari mpya kabisa duniani. Kisha Cannon akaenda Harvard, ambako aliainisha nyota zipatazo 350,000.

Alfajiri ya Machi 17, 1914, jengo kuu la Wellesley liliteketea. Wote waliokuwamo walitoka salama, lakini maabara zilikwisha, ikiwemo ya saikolojia aliyoianzisha Mary Whiton Calkins mwaka 1891. Mwezi uliofuata masomo yaliendelea.

Heshima hiyo kwa wanafunzi haikukoma: mwaka 2001, baada ya lile la Ruhlman, lilizaliwa kongamano la pili, la Tanner, katika majira ya kupukutika majani. Hapo wanafunzi waliofanya kazi au kusoma mbali na chuo huwasimulia wenzao walichojifunza huko, na siku hiyo pia vipindi husimama.