Dola moja, bei mbili: paundi kabla na baada ya Desemba 2015

Wenzetu wa kikundi, na ninyi wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, wiki hii stori ni ya pesa. Vijana wengi hapa Juba ukiwauliza kwa nini paundi imeanguka wanakujibu: vita. Vita imo, hatukatai. Lakini umaskini huu uliingia kwa mlango mwingine pia, na mlango huo ulikuwa wa benki.

Turudi 2011. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Julai, na siku chache baadaye zikatoka noti mpya zenye picha ya John Garang. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya 100. Serikali ikashikilia bei ya dola moja kwa paundi 2.95. Ila serikali hiyo ilikuwa inaishi kwa mafuta, kama asilimia 98 ya mapato yake. Januari 2012, kwa ugomvi na Khartoum juu ya ada ya bomba, Juba ikafunga visima. Mafuta yakaanza tena 2013, na Desemba ya mwaka huo vita ikaanza. Dola zikakauka.

Bei rasmi haikuguswa, kwa hiyo zikawa bei mbili: ya benki na ya barabarani. Hesabu yake hata mtoto wa darasa la tano anaiweza. Mtu mwenye jamaa mkubwa anaingia benki na paundi 2,950, anatoka na dola 1,000. Kufikia 2015 barabarani dola moja inauzwa zaidi ya paundi 10. Anaziuza zote, anarudi nyumbani na paundi 10,000 na zaidi. Hajalima, hajajenga, hajaleta hata gunia moja la unga. Mama muuza chai hakuwahi kuiona hiyo dola ya 2.95, na sukari yake iliyotoka Uganda kwa barabara ya Nimule ilikuwa inafuata bei ya barabarani. Hata pesa za misaada, zikibadilishwa benki kwa bei rasmi, zilipungua nguvu kabla hazijafika kambini.

Kuna pia zile barua za benki za kuagizia chakula, dawa na vifaa vya ujenzi kutoka nje. Nchi ilikopa karibu dola bilioni 1 kwa ajili hiyo. Kampuni nyingi zilizopewa, zingine zimeandikishwa juzi tu, hazikuleta mzigo. Deni likabaki la wote.

Novemba 2013 benki kuu ilijaribu kupeleka bei 4.5. Bunge likawaka, kwamba mwananchi ataumia, na ndani ya siku chache ikarudishwa 2.95. Labda wengine walisema kwa moyo safi. Lakini waliokuwa wanaila ile tofauti nao walipona siku hiyo.

Sasa fika tarehe 15 Desemba 2015. Paundi ikaachwa ielee, yaani soko lipange bei lenyewe, jambo ambalo IMF ilikuwa inalishauri kwa muda. Kwa siku moja bei rasmi ikaruka mpaka kama 18.5. Mshahara wa paundi 600, uliokuwa kama dola 203 kwenye karatasi, ukawa dola 32.

Dawa hii si ngeni Afrika Mashariki. Tanzania iliimeza tangu 1986, Uganda tangu 1987, na huko pia wenye mishahara walilia. Lakini kule kulikuwa na mkulima wa kahawa au pamba. Shilingi ikishuka, kahawa yake inauzwa nje kwa dola ile ile, na anaweza kupata shilingi nyingi zaidi. Sisi hapa karibu kila kinachouzwa nje ni mafuta, na mwenye mafuta ni serikali na kampuni. Mkulima wa Equatoria hakuwa na cha kupeleka ng'ambo, na wengi walikuwa tayari wamekimbia mashamba. Ndiyo maana tunasema ushauri wenyewe ulikuwa na akili, kwa sababu uliziba tundu la wizi. Ila bili ya kuliziba alipelekewa asiyetoboa.

Julai 2016 risasi zikalia tena Juba. Oktoba mwaka huo bei zilikuwa zimepanda kwa asilimia 836 ndani ya miezi 12. Noti ya 100 ikawa haifiki mbali, baadaye ikaja ya 500, kisha ya 1,000. Mishahara ya serikali ilichelewa kwa miezi, na walimu wakaacha madarasa wakaenda kuendesha boda. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ukaanza kuwapa walimu wa shule za msingi posho ya dola 40 kwa mwezi. Fikirini: posho ya mgeni ilizidi mshahara wenyewe.

Toka hapo mji una watu wa dola na watu wa paundi, na wanapanga kwenye mtaa mmoja. Mwenye nyumba anataja kodi kwa dola. Lori la maji linapandisha bei kila dola ikipanda. Na sisi wa kujitolea, mikataba yetu mingi imeandikwa kwa paundi, kiasi kile kile mwaka mzima. Kwa wenzetu wa mashirika ombi letu ni kipengele kimoja tu kwenye mkataba: kila miezi mitatu posho iangaliwe upya kwa bei ya unga pale Konyo Konyo.